Mchezaji Mzee na Timu Yake: Je, Ni Haki Kumtoa Mtu Ambaye Nguvu Zimemwishia?



Mnapojifunza Amri ya Nne ya Mungu, mwafundishwa ya kuwa yatupasa kuwaheshimu baba na mama. Lakini mwenye kufikiri huuliza zaidi: Je, deni hilo laishia mlangoni pa nyumba ya wazazi? Mtu aliyetutumikia miaka mingi, asiye baba yetu wala mama yetu, naye sasa nguvu zimemwishia, tuna deni gani kwake? Je, twaweza kumtoa na kumweka kijana mahali pake, nasi tusiwe na dhambi?

Wengine hujibu upesi, “Ni vibaya kabisa.” Wengine hujibu upesi vilevile, “Kazi ni kazi. Asiyeiweza na aondoke.” Mimi naona wote wawili wamejibu kabla ya kufikiri. Ili tufikiri vema, nitawasimulia habari ya kweli ya mchezaji mmoja wa nchi ya Marekani. Mchezo si jambo kubwa. Lakini mara nyingi katika jambo dogo moyo wa mtu huonekana wazi, kwa kuwa hapo hajifichi.

I. HABARI YA WILLIE MAYS

Huko Marekani watu wengi hupenda mchezo uitwao besiboli, kama sisi tupendavyo mpira wa miguu. Mchezaji mmoja hurusha mpira mdogo mgumu kwa nguvu. Mwingine, wa timu ya pili, husimama na rungu la mti apate kuupiga. Akiupiga vema hukimbia kuzunguka vituo vinne vya uwanja, na akirudi salama mahali alipoanzia, timu yake hupata bao moja. Mahali hapo huitwa “nyumbani”. Pigo kubwa kuliko yote ni lile linalovusha mpira juu ya ukuta wa uwanja, maana hapo mpigaji huzunguka vituo vyote pasipo kuzuiwa na mtu. Kuupiga mpira huo ni kazi ngumu: hata mchezaji hodari hufaulu kama mara 3 tu katika kila mara 10.

Willie Mays alizaliwa tarehe 6 Mei 1931 katika jimbo la Alabama, ambako siku zile watu weusi walitengwa na weupe kwa sheria. Mwaka 1951 aliingia katika timu iitwayo Giants, iliyokuwa katika mji wa New York. Mwaka 1958 timu hiyo ilihamia San Francisco, upande wa pili wa nchi, naye akaenda nayo. Alipiga, alikimbia, alidaka mipira ambayo watu walidhani haidakiki. Wajuao mchezo huo humhesabu kati ya wachezaji bora kabisa waliopata kuonekana. Alipoacha kucheza alikuwa amevusha mpira ukutani mara 660.

Lakini mwili wa mwanadamu ni udongo. Mwaka 1972 Mays alitimiza miaka 41, na katika mchezo huo umri huo ni uzee. Mwanzo wa majira yale, katika mara 49 zilizohesabiwa alipokwenda kupiga, alifaulu mara 9 tu. Wala hakuvusha mpira ukutani hata mara moja. Tarehe 11 Mei timu ya Giants, aliyoitumikia zaidi ya miaka 20, ilimtoa kwa timu ya Mets ya New York. Ikapokea badala yake kijana mmoja mrushaji, jina lake Charlie Williams, pamoja na fedha.

Katika mchezo huo desturi hii ni ya kila mwaka. Timu hubadilishana wachezaji, kama mtu sokoni abadilishavyo samaki kwa unga. Lakini samaki hana moyo wa kuumia. Mays alikuwa nao, naye alihuzunika hasa kwa kuwa mazungumzo yalianza pasipo yeye mwenyewe kuambiwa.

II. WASHABIKI NA MIOYO YAO

Kila mara jambo la namna hii litokeapo, washabiki wa timu hugawanyika makundi matatu. Tuyatazame moja moja, maana makundi hayo yamo pia vijijini mwetu, na labda yamo ndani ya moyo wa kila mmoja wetu.

Kundi la kwanza ni wenye hasira. Hao husema, “Amewafanyia mengi, nanyi mwamtupa! Hamna shukrani!” Wahenga walisema, shukrani ya punda ni mateke, nao washabiki hao huwaona wenye timu kuwa ni punda wa namna hiyo. Maneno yao ni mazuri. Lakini tuwaulize: Mwezi uliopita, mzee yule alipokosa mpira, ninyi mlikuwa mkifanya nini? Wengi wao wangekiri ya kuwa walikuwa wakinung’unika pamoja na wengine, na baadhi yao wakimzomea. Basi, hasira yao siku ya kuondoka kwake haiwagharimu kitu. Ni rahisi kumtetea mtu anapokwisha kuondoka. Ni vigumu kumvumilia angali mbele yako akikosea.

Kundi la pili ni wenye hesabu. Hao husema, “Tulimpenda, lakini hapigi tena. Timu haiwezi kuishi kwa kumbukumbu. Kijana atatusaidia miaka ijayo.” Hao wasihukumiwe upesi kuwa wana roho mbaya. Wanasema kweli, na kweli ni ya Mungu. Mzee hawi kijana kwa sababu tunampenda. Lakini kuna hatari katika maneno yao: mtu aliyezoea kuhesabu mapigo ya mwenziwe, mwishoni humhesabu mwenziwe mwenyewe. Huanza kusema, “Amekuwa wa bei ndogo,” kama asemavyo mnunuzi juu ya mbuzi aliyekonda.

Kundi la tatu ni wenye kusahau. Jana walilitaja jina la mzee kwa kelele. Leo wamekwisha kujifunza jina la kijana, nao wanalipigia kelele zilezile. Ndugu zangu, mwakumbuka umati wa Yeruzalemu siku ya Matawi. Walimshangilia Bwana wetu Yezu Kristu akiingia mjini, na kabla ya juma kwisha umati mbele ya Pilato ukaomba asulibiwe. Simlinganishi mchezaji na Mwokozi wetu. Nasema tu kwamba sauti ya umati haina mizizi. Aitegemeaye amejenga nyumba juu ya mchanga.

Ukiyatazama makundi hayo matatu utaona jambo moja. Kila mshabiki alisema, “Twampenda Mays.” Lakini siku nguvu zilipomwishia, ndipo kila mmoja aliweza kujiuliza: Nilimpenda yeye, au nilipenda ushindi alioniletea? Siku za ushindi upendo wa aina mbili hufanana kama mapacha. Huachana siku ile tu ambayo mtu hana tena cha kutupa.

III. MWENYE TIMU ALIYEMTOA

Sasa tumfikirie yule aliyemtoa. Jina lake ni Horace Stoneham, mwenye timu ya Giants. Mtu angeweza kusema, “Huyu ndiye mwenye dhambi.” Lakini sikilizeni. Siku zile timu yake ilikuwa ikipoteza fedha, na miaka michache baadaye, mwaka 1976, ililazimu kuuzwa. Alijua ya kuwa Mays ataacha kucheza karibuni, na ya kuwa yeye hatakuwa na fedha za kumtunza baada ya hapo. Kule New York alikuwako mama mmoja tajiri, Bibi Joan Payson, mwenye timu ya Mets, aliyempenda Mays tangu siku zake za ujana katika mji huo. Huyo alikubali kumlipa si kwa kucheza tu, bali hata baada ya kuacha kucheza.

Basi mnaona jinsi jambo linavyogeuka. Mshabiki aliyepiga kelele “Mbakizeni!” hakuwa tayari kumpa mzee hata mkate mmoja. Yule aliyemtoa alimtafutia nyumba itakayomlisha. Wahenga walisema, ng’ombe avunjikapo guu hukimbilia zizini. Lakini zizi likiwa limeanguka, mchungaji mwema humtafutia zizi jingine. Kwa hiyo tusihukumu tendo kwa sura yake ya nje. Kumtoa mtu kwaweza kuwa mapendo, na kumbakiza kwaweza kuwa ubinafsi.

Hata hivyo Stoneham naye hakukosa kosa. Alitafuta mema ya Mays, lakini mwanzoni hakumwambia Mays. Mapendo yanayoamua juu ya mtu mzima pasipo kumwuliza yana kasoro, maana humfanya mtoto au chombo. Katika miaka hiyohiyo mchezaji mwingine mweusi, Curt Flood, alilisema jambo hili kwa nguvu. Timu yake ya St. Louis, aliyoichezea miaka 12, ilimtoa kwa timu ya Philadelphia mwaka 1969. Akakataa kwenda. Akamwandikia mkuu wa mchezo kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa pasipo kujali atakalo. Akapeleka shauri mahakamani, akaacha mshahara mkubwa, na mwezi wa Juni 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ikamshinda, waamuzi 5 kwa 3. Lakini neno lake halikufa. Mwaka 1973 wachezaji na wenye timu walipatana hivi: mchezaji aliyetimiza miaka 10 katika mchezo mkuu, naye amekaa miaka 5 ya mwisho katika timu moja, asitolewe tena pasipo kukubali mwenyewe.

Kanuni hiyo ya mchezo yakubaliana na mafundisho ya Eklezya. Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII alifundisha ya kuwa ni aibu kuwatumia wanadamu kama vyombo vya faida, na kuwathamini kwa nguvu za mikono yao tu. Mtu aweza kuacha kazi, au kazi yaweza kumwacha mtu. Lakini utu wake haumwachi, kwa kuwa hakupewa na timu wala na bwana wa kazi, bali na Mungu aliyemwumba kwa mfano wake.

IV. MWISHO WA HABARI

Tarehe 14 Mei 1972, siku ya Dominika, Mays alicheza mara ya kwanza katika timu yake mpya, na wapinzani siku hiyo walikuwa Giants wenyewe. Mabao yalikuwa 4 kwa 4. Mzee akashika rungu, akaupiga mpira ukavuka ukuta, na timu yake mpya ikashinda 5 kwa 4. Watu wa New York, waliomwona tangu ujana wake, walishangilia kwa furaha kuu.

Habari ingekwisha hapo, ingekuwa tamu kama hadithi. Lakini maisha hayaishii pazuri hivyo. Mays aliendelea mwaka mmoja zaidi, na mwili wake ukazidi kuchoka. Mwezi wa Oktoba 1973, katika michezo mikuu ya mwisho wa mwaka, alijikwaa uwanjani akifuata mpira, akaanguka mbele ya macho ya nchi nzima. Siku hiyohiyo, mchezo ulipokuwa mrefu kupita kiasi, alipiga pigo lililoipa timu yake nafasi ya kushinda. Lakini watu wengi hukumbuka kuanguka kwake kuliko pigo lake. Tangu Septemba alikuwa amekwisha kuwaambia watu kwamba ataacha. Aliwashukuru, akasema ya kuwa kuwatazama vijana wakipigania ushindi kumemfundisha kwamba wakati wake wa kuondoka umefika.

Hapa wale wenye hasira wapate funzo. Kumwacha mzee uwanjani mpaka aanguke, kwa sababu hatutaki kumwambia kweli, si heshima. Na wale wenye kusahau wapate funzo pia. Bibi Payson alikuwa amemwahidi Mays kwamba namba 24, aliyoivaa mgongoni, itawekwa kando na timu ya Mets kwa heshima yake. Bibi huyo alikufa mwaka 1975, ahadi haijatimizwa. Miaka ikapita, wenye timu wakabadilika. Mwaka 2022, miaka 50 baada ya Mays kurudi New York, timu ilitimiza neno la yule aliyekwisha kufa. Mays alikuwa angali hai, mwenye miaka 91. San Francisco nako walimrudisha kazini kama mshauri wa timu yao, na mwaka 2000 wakasimamisha sanamu yake mbele ya uwanja mpya. Alifariki tarehe 18 Juni 2024, mwenye miaka 93.

Miaka 50 ni mingi kwa ahadi moja. Lakini yaonyesha kwamba deni la shukrani halifi pamoja na aliyeliweka. Warithi hurithi mashamba. Hurithi na madeni.

V. NASI JE?

Tuseme sasa kwamba katika kijiji chetu yuko katekista mzee. Yeye ndiye aliyetufundisha Ishara ya Msalaba. Alikwenda kwa miguu katika mvua kumbatiza mtoto aliyekuwa akifa. Leo macho yake hayaoni tena maandishi, sauti yake haifiki nyuma ya kanisa, na pengine husahau, akafundisha somo moja mara mbili. Watu wananong’ona. Vijana wanacheka. Mwishoni wazee wa Wakristu wanakwenda misioni kumwomba padri alete katekista kijana. Je, wamefanya dhambi?

Kuomba kijana si dhambi. Wakatekumeni wana haki ya kufundishwa vema, na kuwanyima mafundisho ili mzee asihuzunike ni kuwadhulumu. Dhambi yaweza kuingia kwa milango mingine minne.

Mlango wa kwanza ni kunong’ona. Mzee asikie habari zake kutoka kinywani mwa ndugu aliyeketi naye chini, si kwa watoto kisimani.

Mlango wa pili ni kumpangia pasipo kumwuliza. Pengine yeye mwenyewe angesema, “Nimechoka, lakini niachieni wagonjwa, niendelee kusali nao.”

Mlango wa tatu ni kumwacha na njaa. Miaka aliyotufundisha hakulima shamba kubwa kama sisi. Basi shamba lake sasa ni sisi.

Mlango wa nne ni kumsahau. Mahali pake kanisani pasiwe tupu kwa sababu anaona haya kuja.

Milango hiyo minne ikifungwa, mtu aweza kuacha kazi yake pasipo kupoteza heshima yake. Ikiwa wazi, hata kama tunamwacha katika kazi yake mpaka kufa, tumekwisha kumtupa mioyoni mwetu.

Bwana wetu Yezu Kristu alijua ya kuwa nguvu za watu huisha. Alimwambia Mtakatifu Petro waziwazi kwamba atazeeka, na kwamba siku hizo wengine watamwongoza asikotaka kwenda. Hakumficha neno. Lakini kabla ya hayo alimwuliza mara tatu kama anampenda, akamkabidhi kondoo wake. Hakumwuliza, “Una nguvu gani?” Alimwuliza habari ya mapendo, kwa sababu mapendo ndiyo kitu ambacho uzee hauwezi kukiondoa.

Nanyi vijana mnaoshangiliwa leo, kumbukeni neno hili. Ipo siku mpira utakupita. Mtendeeni mzee wa leo kama mtakavyotaka kutendewa siku hiyo.

MASWALI YA KUSHIKA

Swali: Je, ni dhambi kumtoa katika kazi mtu ambaye nguvu zimemwishia?
Jibu: Hapana, si dhambi kwa yenyewe, kazi ikiwa ni ya faida ya wote naye haiwezi tena. Lakini ni dhambi kumtoa kwa dharau, kwa siri, au kwa kumnyima riziki anayostahili.

Swali: Je, yatosha kumsikitikia?
Jibu: Haitoshi. Huruma isiyotoa kitu ni kelele za mshabiki.

Swali: Tutajuaje kama twampenda mtu, au twapenda faida yake tu?
Jibu: Tutajua siku ile atakapokuwa hana tena cha kutupa.

Swali: Deni la shukrani laisha lini?
Jibu: Haliishi kwa kupita miaka, wala kwa kufa kwa aliyeliahidi. Huisha likilipwa.

Tusali jioni ya leo kwa ajili ya mzee mmoja aliyetusaidia zamani, ambaye hatujamtembelea siku nyingi. Na kesho, kabla jua halijawa kali, twende kwake.

Tumsifu Yezu Kristu.